Georg Neumann: Fundi Aliyeiundia Sauti Sikio

Wako watu ambao kazi yao twaisikia kila uchao, na majina yao hatuyajui. Mmoja wao ni Georg Neumann, fundi wa Kijerumani aliyefariki tarehe 30 Agosti 1976. Hakuimba, hakupiga ala, wala sijasikia kwamba alitunga shairi. Lakini tangu mwaka 1928, waimbaji, wasomaji na wahutubu wasiohesabika wamesimama mbele ya vyombo vilivyotoka katika karakana yake, au vilivyoigwa kutoka kwake, na kwa vyombo hivyo sauti zao zimebaki duniani ilhali wenyewe wameshaondoka.

Huenda msomaji akauliza, yatuhusu nini sisi watu wa Mvita mambo ya fundi wa Berlin? Yatuhusu sana. Masheikh wetu wametufunza kwamba elimu hutafutwa popote ilipo, hata ikiwa mbali na hata ikiwa kwa watu wengine. Tena hapa Tudor vijana wamegeuza vyumba vyao vya kulala kuwa studio. Huyu arekodi kasida, yule taarabu, mwenziwe arekodi kisomo cha Kurani apate kuwapelekea jamaa walioko Maskati na London. Wengi wao wana maikrofoni ya kondensa ya bei nafuu, iliyonunuliwa kwa fedha ambazo kijana mwenye kazi ndogo aweza kuzidunduliza kwa miezi michache. Ukimwuliza chombo hicho asili yake ni nini, atakutajia duka. Asili yake ni maisha ya mtu, na maisha hayo ndiyo nitakayoyasimulia leo.

Mwanafunzi wa simu

Georg Neumann alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1898 katika kijiji cha Chorin, kaskazini-mashariki ya Berlin. Alijifunza kazi katika kampuni ya Mix & Genest iliyokuwa ikiunda simu. Kutoka hapo aliingia katika maabara ya kampuni kubwa ya umeme ya AEG, akafanya kazi chini ya mkuu aitwaye Eugen Reisz. Reisz alipotoka akaenda kufungua shughuli yake mwenyewe, Neumann alifuatana naye.

Wakati huo radio ilikuwa jambo jipya. Ujerumani ilianza matangazo yake kwa umma Oktoba 1923, na tatizo la mwanzo lilikuwa maikrofoni. Zilizokuwako zilikuwa za simu, nazo zilitumia vumbi la makaa: sauti ikilitikisa vumbi, umeme upitao ndani yake huongezeka na kupungua. Kwa maneno ya simu zilitosha. Kwa fidla na mwimbaji hazikufaa kitu, maana zilichacharika kama samaki akaangwaye, na sauti nyembamba na nene zikapotea.

Neumann alilitia vumbi hilo la makaa katika kijumba kilichochongwa ndani ya jiwe la marumaru. Marumaru ni zito, halitikisiki ovyo, na kwa hiyo halikuongeza mlio wake juu ya mlio wa mwimbaji. Maikrofoni hiyo ilisifiwa sana, ikatumiwa katika vituo vya Ujerumani, hata BBC ya Uingereza ikaitumia. Lakini iliitwa maikrofoni ya Reisz. Jasho lilikuwa la mwanafunzi, jina likawa la bwana wake. Hayo si mageni kwa mafundi wa nchi yoyote.

Ngoma iliyogeuzwa

Hata marumaru halikuweza kuliponya vumbi la makaa na kelele zake. Njia nyingine ilikwisha patikana Marekani mwaka 1916, pale Edward Wente, mtaalamu wa kampuni ya Western Electric, alipovumbua maikrofoni ya kondensa. Neumann hakuwa mvumbuzi wa kwanza wa chombo hicho, na ni haki tuliseme hilo. Alilolifanya yeye ni kukitoa katika meza ya wataalamu kikawa bidhaa ya karakana, chombo kiundwacho kingi na kila kimoja kikawa sawa na mwenziwe.

Atakaye kuifahamu maikrofoni ya kondensa na aifikirie ngoma. Sote twajua kuwa ngoma ni kiwambo kilichowambwa juu ya mzinga. Kikilegea, mlio huwa butu. Kikikazwa mno, hulia kama bati. Basi maikrofoni hii ni ngoma iliyogeuzwa. Kwa ngoma, mkono hukipiga kiwambo kikatoa sauti. Kwa maikrofoni, sauti ndiyo ikipigayo kiwambo. Kiwambo kilichoipa sifa karakana ya Neumann kilikuwa utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele, uliopakwa dhahabu upate kupitisha umeme. Nyuma yake, kwa nafasi isiyofika unene wa karatasi, pana sahani ya madini yenye vitundu vingi. Viwili hivyo havigusani, na baina yao hutiwa chaji ya umeme. Mtu akisema, utando hutikisika, nafasi ile huongezeka na kupungua, na umeme nao huyumba vile vile ilivyoyumba sauti.

Hapo ndipo ulipo ugumu, na ndipo ulipo utamu. Umeme utokao hapo ni dhaifu mno, hauwezi kusafiri hata hatua chache. Kwa hiyo ilibidi valvu, zile taa za gilasi zilizokuwa ndani ya radio za wazee wetu, ziwekwe pale pale chini ya kiwambo. Vile vitundu vya sahani navyo havikutobolewa kwa pambo. Kwavyo fundi huamua utando uvute pumzi namna gani, na kwa kuipimia njia sauti itokayo nyuma, huifanya maikrofoni isikie zaidi kilicho mbele yake kuliko kilicho kisogoni.

Mwaka 1928

Novemba 1928 Neumann na mshirika wake, Erich Rickmann, walifungua kampuni yao huko Berlin. Alikuwa na umri wa miaka 30. Chombo chao cha kwanza kiliitwa CMV 3, nacho kilikuwa na urefu wa kiasi cha sentimita 40, kiwiliwili kama chupa na kichwa cha mviringo juu yake. Watu wakaiita chupa ya Neumann. Ndiyo maikrofoni ya kwanza ya kondensa kuundwa kwa wingi ili iuzwe, na kampuni ya Telefunken ndiyo iliyoieneza.

Nikiutazama mwaka huo sikosi kumkumbuka mwana wa Fumba, Siti binti Saad. Mwaka huo huo wa 1928 Siti na wenzake walipanda meli kutoka Unguja wakaenda Bombay kurekodi santuri za His Master's Voice. Walivuka bahari ya Hindi nzima kwa sababu huku kwetu halikuwako sikio la kuwapokea. Ilikuwa ni miaka mitatu tu tangu kampuni za santuri zilipoanza kurekodi kwa maikrofoni. Kabla yake mwimbaji alitia kichwa karibu na pembe la bati akapiga ukelele. Sijadai kwamba Siti aliimbia chupa ya Neumann, kwani Siti alitangulia na chupa ikaja baadaye. Nasema tu kwamba mwaka mmoja ulimtoa mwimbaji wetu wa kwanza mwanamke kwenda kulifuata sikio ng'ambo, na ukamweka fundi wa Berlin kwenye meza yake kuliunda. Siti alifariki mwaka 1950. Asingalisafiri, leo tungalibaki na sifa zake, na sauti yake tusingaliijua.

Karakana ya Neumann haikuishia kwenye maikrofoni. Iliunda pia mashine za kuchonga santuri, na kwa miaka mingi studio kubwa za dunia zilichonga kwa mashine hizo. Katika miaka ya mwanzo ya 1930 ile chupa ilipata vichwa vya kubadilisha, kimoja husikia pande zote, kingine husikia mbele. Miongoni mwa vichwa hivyo kikawamo kile kiitwacho M7, ambacho habari zake tutazirudia.

Lakini sikio halichagui maneno. Chupa ya Neumann ilitangaza michezo ya Olimpiki ya Berlin mwaka 1936, na chupa hiyo hiyo yaonekana katika picha nyingi mbele ya Hitler akihutubu. Hotuba zile zilikuja na moto, na moto ule ulimrudia hata fundi. Novemba 1943 mabomu ya ndege yaliiunguza karakana yake mjini Berlin.

Karakana moja, nchi mbili

Neumann alikusanya vifaa na watu wake akahamia Gefell, mji mdogo wa Thuringia, kusini mwa Berlin. Vita vilipokwisha mwaka 1945, Gefell iliangukia upande wa Warusi, ikawa baadaye ndani ya Ujerumani ya Mashariki. Neumann mwenyewe alirejea Berlin, upande wa Magharibi, akaanza upya. Hivyo karakana moja ikagawanyika sehemu mbili, na baina yao ukapita mpaka. Walioachwa Gefell waliendelea kuunda kichwa cha M7 kwa namna ile ile waliyofunzwa, na kazi hiyo haikukatika.

Fundi wa kweli hata akifilisika mikono yake haifilisiki. Katika shida zile za baada ya vita, mwaka 1947, Neumann alipata njia ya kuifunga betri ya nikeli na kadimiamu isitoe hewa wala isihitaji kutiwa maji. Betri ndogo za kuchaji zilizokuja kutumika katika tochi na radio za mkononi zilitokana na njia hiyo. Mwengine angaliridhika na hilo akapumzika.

Mwaka 1949, Berlin ilipokuwa ndio kwanza yatoka katika kuzingirwa na Warusi, Neumann alitoa maikrofoni iitwayo U 47. Ndani yake mlikuwa na M7 yenye viwambo viwili, na kwa kugeuza swichi moja tu mtu aliweza kuchagua isikie mbele peke yake au isikie pande zote. Marekani iliuzwa kwa jina la Telefunken. Frank Sinatra aliimba mbele yake, na Beatles wa Uingereza walirekodi kwayo na kwa ndugu yake, U 48. Sifa ikaenea, na bei ikapanda nayo. Kwa mtu wa nyumbani ilikuwa kama kutamani jahazi ukiwa huna hata mtumbwi.

Baadaye ilikuja U 67 mwaka 1960, na U 87 mwaka 1967. Katikati yake, mwaka 1966, lilitokea jambo dogo lililoacha alama kila nyumba yenye studio leo. Radio ya Norway ilitaka maikrofoni za transista, zisizokuwa na valvu, nazo zipelekewe umeme kwa waya ule ule uletao sauti. Majira ya baridi Norway jua halionekani ila muda mfupi, na studio zao zilikuwa na umeme wa volti 48 kwa ajili ya taa za ziada. Mafundi wa Neumann waliutumia umeme huo huo. Ndiyo sababu kijana wa Tudor akitaka maikrofoni yake ifanye kazi, hubonyeza kitufe kilichoandikwa 48V, wala hajui kwamba anawasha taa ya Wanorway.

Georg Neumann alifariki miaka tisa baada ya kutoka U 87. Kampuni yake ilichukuliwa mwaka 1991 na kampuni nyingine ya Kijerumani, Sennheiser, na yaendelea kwa jina lake.

Urahisi ulivyopatikana

Chombo cha matajiri kilifikaje Tudor? Kilipita njia mbili. Ya kwanza ni ya mwaka 1962, pale Gerhard Sessler na James West, wataalamu wa maabara za Bell huko Marekani, walipotengeneza kiwambo cha plastiki kishikacho chaji chenyewe kwa miaka mingi bila kutiwa umeme. Kwa njia hiyo maikrofoni ya kondensa ikawa ndogo kama punje na bei yake ikaanguka. Ndiyo iliyokuwa ndani ya redio kaseti za utoto wangu.

Njia ya pili ilipita Uchina. Katika miaka ya 1950 Ujerumani ya Mashariki iliwasaidia Wachina kujenga kiwanda kikubwa cha vyombo vya umeme mjini Beijing. Sehemu yake moja, iliyopewa nambari 797, ikawa inaunda maikrofoni. Wachina walipojifunza kuviwamba viwambo vikubwa kwa maelfu, wafanyi biashara wa Ulaya, Marekani na Australia wakavinunua, wakavitia katika miili yao, na bei ikashuka tena. Leo viko vikundi vya mafundi wa nyumbani duniani ambao hununua kichwa cha bei ndogo, wakachora wenyewe sakiti, wakachomelea transista moja na vipande vichache, wakapata maikrofoni isiyowaaibisha. Kwa upande mwengine, U 47 iliyo nzima huuzwa kwa maelfu ya dola.

Je, tofauti ya bei hiyo yanunua nini? Nimejaribu kuwasikiliza wajuzi, na jibu lao hulifahamu vyema mtu aliyekaa na mafundi wa oud na mafundi wa ngoma. Plastiki ni ile ile, na dhahabu iliyomo haitoshi pete. Kinachogharimu ni mkono. Vitundu vitobolewe kwa kipimo, kiwambo kikazwe kwa kadiri, punje moja ya vumbi isiingie, kisha kila kichwa kipimwe, na kile kisichofaa kitupwe. Aundaye kwa bei ndogo hupunguza hapo hapo: haondoi kitu mwilini, huondoa muda wa kupima. Kwa hiyo huenda vijana wawili wakanunua maikrofoni za jina moja, mmoja akapata nzuri na wa pili akapata mbovu.

Liko na jambo letu sisi wa pwani ambalo haliandikwi katika karatasi za dukani. Adui wa maikrofoni ya kondensa ni unyevu. Umeme wake ni dhaifu hata ukungu wa chumvi utokao hori la Tudor, ukitua juu ya sakiti, huuvujisha, na kijana akasikia michacharo asijue yatoka wapi. Isiachwe mkononi mwa kiguzo usiku kucha. Itiwe katika mkebe uliofungwa vyema, pamoja na vile vijifuko vya kunyonya unyevu vijavyo ndani ya viatu vipya. Na chumba kitandikwe magodoro na mablanketi ukutani, feni lizimwe, kazi ifanywe baada ya isha, tuktuk zikisha pungua. Maikrofoni ya Neumann yenyewe, ikitiwa katika chumba chenye mwangwi, itarekodi mwangwi.

Nayasema haya kwa uchungu. Ninayo kanda ya mwalimu wangu wa chuoni, aliyetusomesha juzuu kwa subira na kwa bakora. Jamaa mmoja aliirekodi kwa redio kaseti iliyowekwa juu ya dirisha, nyumba ilipokuwa na watu. Ndiyo sauti yake pekee iliyobaki. Nikiisikiliza nasikia feni, nasikia vikombe, nasikia mtoto akilia, na nyuma yao, kama mtu asomaye ndani ya kisima, namsikia yeye. Makharija yake, ambayo watu walitoka Malindi kuja kuyasikiliza, siwezi kumwonyesha mjukuu wangu.

Wazee kama huyo bado wako. Wako wajuao hawa za maulidi ya zamani, wako kina mama wazijuao nyimbo za vugo, wako watu wazima wenye maneno ya Kimvita ambayo hayamo katika kamusi. Zamani duka la Mbwana Radio Service la hapa Mombasa lilitutolea kanda za taarabu, na bila kanda hizo tungalikuwa maskini zaidi. Siku hizi hatuna haja ya kumngojea mwenye duka. Chombo kimo chumbani.

Na kwa nini tuishie kununua? Hapa hapa Tudor, wazee wetu walijengewa taasisi ya ufundi iliyojulikana kama MIOME, kwa mchango wa Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na Mabohora. Ilianza kusomesha mwaka 1951, na kusudi lake lilikuwa vijana wa Kiislamu wa Afrika ya Mashariki wapate kazi ya mkono. Ikageuka kuwa Mombasa Polytechnic mwaka 1972, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Mlangoni mwake hupita kila siku vijana wajuao transista ni nini, na hatua chache kutoka hapo wako vijana wa kasida wanaolalamika kuwa maikrofoni zao zachacharika. Naliona jambo jepesi makundi mawili hayo yakutane. Mmoja alete kichwa cha bei ndogo, mwengine achore sakiti na kuifunika isiingiwe na unyevu wa pwani, wa tatu amlete mzee wake aketi chini asome. Wakifanikiwa mara ya kwanza, nitashangaa. Neumann alianza na vumbi la makaa lililochacharika, na kutoka vumbi lile hadi U 47 palipita zaidi ya miaka 20.